Seva Mbili, na Kosa Nililomtupia Akinyi

Nilikosa mimi. Si mashine, si stima kupotea, si Akinyi. Mimi. Hata hii naandika nikiinuka na kukaa, maana siku hizi mwili hautulii.

Nilikuwa natunza kompyuta za kliniki moja hapa Eldoret pamoja na Akinyi, msichana mpole wa kutoka upande wa ziwa. Daktari, mwenye kliniki, alitaka tumshauri kuhusu rekodi za wagonjwa. Tuikodi kampuni izitunze kwa mtandao na kuweka nakala za kila siku, ama tununue seva zetu mbili, zile kompyuta kubwa za kuhifadhi rekodi, moja ikinakili papo hapo kila kitu kinachofanyika kwa nyingine?

Akinyi alitaka tukodi. Mimi nilitaka seva. Ukweli ni kwamba nilitaka chumba changu, watu wapite wakisema huyo ndiye mwenye mitambo. Nikamwambia Daktari moja ikiharibika nyingine itaendelea, kwa hivyo nakala zingine ni za nini?

Akinyi akaniuliza mbele ya Daktari, "Na tukifuta kitu kwa makosa? Si itafutika kwa zote mbili?"

Nikacheka. Nikasema huyu bado mgeni kazini. Daktari akanisikiza mimi.

Mambo yalienda vizuri tu. Halafu mchana mmoja nikawa nafuta rekodi za uongo tulizoweka kujaribu orodha ya aleji, nina haraka ya kwenda kula. Kwa ile amri nikasahau kutaja ni zipi za kufuta, nikabonyeza. Rekodi zote za wagonjwa wenye aleji ya dawa, wale ambao dawa fulani inaweza kuwaua, zikaenda. Nikakimbilia seva ya pili. Tupu! Ilikuwa imenakili kosa langu wakati ule ule.

Daktari alipouliza ni nani aligusa, nikasema asubuhi Akinyi ndiye alikuwa kwa mashine. Na kweli alikuwa. Akafutwa kazi. Hakuniangalia akikusanya vitu vyake.

Manesi wakaambiwa wawe wanauliza wagonjwa wenyewe kuhusu aleji. Lakini Mama Wanjiru, mwenye duka kule Munyaka, aliletwa na binti yake akiwa na homa kali, hawezi kujieleza, na binti hakujua kuwa mamake ana aleji; ilikuwa imeandikwa kwa zile rekodi nilizofuta. Akadungwa penisilini. Uso ukavimba, pumzi ikaanza kukata. Walimwokoa, lakini nilimsikia yule binti akilia kwa korido na miguu ikanibeba yenyewe hadi kwa Daktari. Nikasema yote.

Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Na kama huyu mama hangeletwa hapa leo, ungewahi kusema?"

Nilifutwa, na ilikuwa haki. Daktari akamwomba Akinyi arudi, akakataa. Nilipompigia kuomba msamaha, alisikiza mpaka mwisho, akasema amenisikia, akakata.

Wewe unayechagua pa kuweka rekodi za watu, usijidanganye kama mimi. Seva ya pili si nakala ya akiba. Uliza kosa lako mwenyewe litarekebishwa vipi. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla ulimi haujatafuta mtu wa kubebesha lawama. Mimi simu ikilia naruka, nikidhani ni Akinyi. Bado hajapiga.