Mabati Moto wamewekea wimbo wao mlango

Jumamosi, Juni 14, 2025, ndiyo siku mambo yalipomharibikia Billy Opondo. Uwanjani Ayany, kwenye harambee ya kusafirisha maiti ya fundi wa viatu, dada ya marehemu, Mama Jael, alinyanyua mkono katikati ya wimbo.

"Simamisha muziki! Mimi Jael, mtoto wa..."

Ngoma ikalia puu! Wimbo ulikuwa umekwisha.

Watu wakaangua kicheko. Mama akaketi, leso usoni.

Alitaka kufanya pakruok, desturi ya Wajaluo: mtu anakatiza muziki, anajisifu yeye na kwao, anawatunza wapigaji, kisha wimbo unaendelea. Lakini Mabati Moto, bendi ya Billy kutoka Kianda, Kibera, walipiga panki: magitaa ya kukwaruza na kuimba kama mtu anayegombana. Hakuna wimbo wao uliofika dakika mbili. Na siku hiyo waliambiwa waharakishe, kwa kuwa mheshimiwa mmoja alikuwa amekula alasiri nzima akiahidi maji ambayo mpaka leo yanatoka mdomoni mwake tu.

Asubuhi hii Billy yuko kibandani kwake, stendi ya 46 Kawangware, akichomelea mlango wa chuma wa mwenye ploti. Cheche zinaruka, naye anaimba chini kwa chini.

"Zamani nilipiga kelele juu ya hasira," anasema, akiinua miwani. "Mke wangu Adhis alipofariki, kwa mazishi walianza kuongea chifu, diwani, halafu mtu wa diwani. Mimi mwenye msiba nikaambiwa, 'Fupisha, jua linazama.' Sasa ona, na mimi nikamfanyia Mama Jael vilevile."

Wiki ile ile ya harambee aliwaambia wenzake wapunguze mwendo. Mpiga gitaa, Jackie Waceke, hakutaka kusikia.

"Buda, umezeeka ama? Sisi ni Mabati Moto, si Mabati Vuguvugu!"

"Mwache, Jackie," mpiga ngoma, Kagiri, akadakia. "Anatafuta bibi kwaya ya kanisa."

Billy hakununa. "Mimi hutengeneza milango kila siku," aliwajibu. "Wimbo wetu ni ukuta mtupu. Mtu ataingilia wapi?"

Wakajaribu. Katikati ya wimbo gitaa linazunguka polepole juu ya noti zilezile, ngoma inangoja. Jackie alipiga huku amevuta mdomo, mpaka siku Nelima, muuza chapati wa jirani, alipoingia mazoezini na sinia kichwani.

"Simama hapo! Mimi Nelima, mtoto wa Bungoma, chapati zangu zinalainisha hata roho ya landilodi!"

Jackie alicheka karibu aangushe gitaa, lakini vidole havikuacha kuzunguka. Nelima alijisifu mpaka akataja na ng'ombe wa babake. Tangu siku hiyo, Jackie ndiye anayemkemea Kagiri akiikimbiza ngoma.

Vijana wengine wamewahama. "Wanasema tumelala," Billy anasema, akitabasamu. "Sawa tu. Waliobaki siku hizi wanasikia hata maneno."

Jumamosi hii, mwaka mmoja baadaye, wanarudi Ayany kwenye kumbukumbu ya yule fundi wa viatu. Mheshimiwa naye amealikwa. Watu wa aina hiyo hawakosi panapo kipaza sauti. Safari hii Billy ameikatalia kamati kuharakishwa. Jana alikwenda mwenyewe kwenye meza ya omena, dagaa wa ziwani, ya Mama Jael, Kianda.

"Mama, Jumamosi tumekuwekea nafasi."

"Ya kuchekwa tena?"

"La, mama. Tutakungoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka umalize."

Mama alimpimia omena, akaongeza kiganja kizima juu. "Kijana, mimi nikianza kumtaja ndugu yangu, mtalala huko."

Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja. Billy aliondoka na omena zake, moyo mweupe. Kagiri ameshaagizwa: mkono ukinyanyuka, vijiti chini.

Lakini mkono uliochekwa mbele za watu, je, utanyanyuka tena?