Karatasi Nyeupe ya Derek

Glenys Ashworth alikuwa akichambua mitumba katika duka la hisani pale Rochdale, Uingereza, alipokutana na uso wa jirani yake kwenye jalada la albamu kuukuu. Beryl Hodge, yule yule waliyepakana naye ukuta miaka yote, hapa ni msichana wa wanja mzito na nywele zilizotunishwa juu. Mpwa wa Beryl ndiye aliyeleta vitu hivyo, maana yeye alikuwa amehamia nyumba ya kutunzia wazee.

"We Beryl, kumbe uliimba!" Glenys alicheka, akaiweka santuri kwenye gramafoni ya dukani.

Wimbo wa pili ulimkata kicheko. Aliujua kila pumzi yake. Ndio uliompa sifa marehemu mumewe, Derek, aliyekuwa mpiga santuri wa ukumbi wa dansi. Enzi hizo wapiga santuri walioneana wivu kama wake wenza: mtu akipata wimbo adimu, hubandika karatasi nyeupe juu ya jina la mwimbaji na kutunga jina la uongo, wenzake wasiupate. Derek alimwita mwimbaji wa wimbo huu Lorna Vance, Mmarekani, na watu wakacheza mpaka mashati yakawa ya kukamua. Hata mkewe hakumwambia ukweli.

Siku hiyo hiyo Glenys akaenda kwenye nyumba ya wazee, albamu kwapani. Alitaka Beryl ajue, kabla hajafumba macho, kwamba sauti yake ilipendwa.

Alimkuta kitini, chai yake imepoa.

"Beryl, mwenzangu, ukumbi mzima ulikuwa ukicheza wimbo wako! Derek aliupiga kila Jumamosi!"

"Najua. Aliujaribu nyumbani kwanza. Ukuta wetu ule si ukuta, ni karatasi."

"Sasa mbona hukusema, jamani?"

"Nilisema. Nilikuja mlangoni kwenu na aproni yangu, nikawaambia huyo anayeimba ni mimi. Derek akakazia macho viatu vyake. Wewe ukacheka. Ukasema, 'Nenda kalale, Beryl, umelewa.'"

Glenys aliitafuta siku hiyo kichwani, asiione. Aibu ilimchoma. Kilichomvunja mwenzake, yeye hata hakukiweka akilini.

"Nisamehe," alisema, machozi yakimtoka. "Niimbie hata ubeti mmoja, nikusikie."

Beryl alimpapasa mkono, bila kinyongo.

"Siwezi tena, mpenzi. Tangu siku ile sijaimba, hata nikiosha vyombo."