Mtu Aliyekataa Kusema Ni Yale Yale

Habari za kifo cha rafiki yangu zilinikuta kwa kinyozi pale Ukunda, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Kinyozi, kijana wa bara asiye na subira na simu ndefu za watu wa pwani, aliniuliza kama tunamalizia au naondoka hivyo hivyo. Tulimalizia. Marehemu mwenyewe angenicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kusikitika baadaye, nami leo najaribu kumfuata kwa mpango huo huo. Tulimzika kijijini kwao, Bodo, baada ya Alasiri. Wasomaji waliozoea kunisikia nikigombana na madiwani wanisamehe, wiki hii madiwani wapumzike.

Nilimjua mwishoni mwa miaka ya tisini, alipokuwa akisomea shahada ya juu katika chuo kimoja huko bara. Alisomea bakteria. Kijijini walisikia anasomea udaktari, basi kila akija likizo alikuta watu wamejaa barazani kwao na vidonda vyao na meno yao mabovu. Alijaribu kueleza kwamba wagonjwa wake yeye hawaonekani kwa macho, wakamwona ana maringo. Siku moja shangazi yake alimbana aseme hasa kazi yake ni ipi. Akajibu kwamba hubadilisha herufi moja katika maandishi ya urithi ya kidudu, yale yaitwayo jeni, kisha hutazama kinachotokea.

"Na hutokea nini?" akauliza shangazi.

"Vitabu vinasema hakuna kitu, shangazi. Protini inayotoka ni ile ile."

"Basi serikali inakusomesha kutofanya kitu. Mwombee na mwanangu nafasi."

Shida ni kwamba yeye hakuwa na hakika na hilo la hakuna kitu. Maandishi ya jeni husomwa herufi tatu tatu, na kila tatu ni agizo la kuleta tofali moja la kujengea protini. Tofali moja huweza kuagizwa kwa namna zaidi ya moja, ndiyo maana herufi ikibadilika pengine tofali linabaki lile lile. Hayo mwalimu wake aliyajua na kuyafundisha. Lakini chupa moja, yenye bakteria waliobadilishwa herufi ya namna hiyo, ilikua kwa kujikokota, na protini yake ilikuwa haba. Mwalimu akasema chupa imechafuliwa. Kijana aandike kwamba tofauti hakuna, ahitimu mwaka ule pamoja na wenziwe. Alikuja nyumbani akiwa hajajibu, na mamake alikuwa ameshashona nguo ya kuvaa siku ya mahafali, mtaa mzima umeonyeshwa.

Likizo hiyo kulikuwa na harusi, nami nilialikwa, yaani nilikwenda kula. Mpishi alikuwa mmoja, masufuria ya wali wa nazi mengi. Maji yalitoka bombani karibu na msikiti, na wasichana wa kuyaleta walikuwa wengi hata wakigongana. Ila sufuria la wakwe, kwa desturi ya ukoo ule, sharti lipikwe kwa maji ya kisima cha babu zao kule shambani, na mtekaji wake alikuwa bibi mmoja tu mwenye goti bovu. Mpishi akasimama na mwiko wake, anamngoja bibi. Na kwa kuwa alisimama pale, masufuria mengine nayo hayakusogea. Wakwe walikula jua limeshakwenda, na sisi pamoja nao, tumbo langu likilalamika waziwazi. Nilionja wali wa kisima na wali wa bomba, na sikuona tofauti hata chembe. Mwenzangu yule wa bakteria alicheka mpaka akaweka sahani chini. Akaniambia anadhani hiyo ndiyo chupa yake. Chakula ni kile kile, ila herufi zake zinamwita mbebaji wa tofali aliye adimu, na anapongojwa huyo, bakteria mzima anachelewa.

Kesho yake tulikaa kwa mamake tukila kiporo cha harusi. Akamweleza mama njia zake mbili: aseme chupa zilikuwa sawa avae joho mwaka ule, au aanze upya kwa chupa mpya, na hajui itachukua muda gani. Nilitarajia mama amhimize ahitimu.

"Mwanangu," akasema mama, "umeona au hukuona?"

"Nimeona, mama."

"Basi sema umeona. Mimi nitangoja."

Akarudi, akaanza upya. Chupa mpya nayo ikajikokota, safari hii mbele ya macho ya mwalimu wake, aliyekubali kwa shingo upande. Shahada akaipata. Mamake alikuwa amefariki masika iliyotangulia. Waliosema mvumilivu hula mbivu hawakusema nani atakuwapo wakati wa kula. Aliposhuka kutoka bara alikwenda makaburini kabla ya kwenda nyumbani, amevaa suti, akakaa chini mchangani. Nilikuwa naye, na niliumia.

Siku hizi ninaambiwa wanasayansi hawasemi tena kwa wepesi kwamba herufi za namna ile hazina athari. Sisi wengine bado tunasema. Hotelini Diani wafanyakazi wawili huvaa sare moja na kupokea mshahara mmoja. Mmoja analala nyuma ya jiko la hoteli, mwingine anaondoka kwake Mkongani, mbali na hoteli, watoto wake hawajaamka na kurudi wameshalala. Meneja anasema hao ni sawasawa, na chai wanayoileta mezani kweli ni moja.

Mazikoni msemaji mmoja alitaja kwamba marehemu alihitimu kama wenziwe. Ni kweli, shahada yake ukiiweka pamoja na zao huwezi kuzitofautisha. Tumemlaza ubavuni mwa mamake, nami nililojifunza kwa mtu yule ni hili: kabla hujasema vitu viwili ni sawa, uliza kwanza ni nani aliyengojeshwa.