Gari Lisilo na Klachi

Mume wangu alikuwa dereva kabla hajanioa. Aliendesha lori la shamba la mkonge, na watu wa mtaani kwetu Bagamoyo walimjua kwa honi yake kabla hata vumbi halijaonekana. Ndoa yetu ilikuwa bado changa pale robota la mkonge lilipomwangukia akisimamia upakiaji. Mguu wa kushoto ulisagika. Hospitali walijaribu kuuokoa, wakashindwa, wakaukata chini ya goti.

Alirudi nyumbani na mkongojo. Mguu wa kulia ulikuwa mzima kabisa, lakini wa kushoto ndio unaokanyaga klachi, na bila klachi hakuna udereva. Shambani wakampa pole, wakaajiri mwingine. Yeye akakaa barazani, akawa anasokota kamba za usumba wa nazi. Mimi nilishona kofia. Njaa hatukulala, ila mtu niliyemzoea kwa maneno mengi na vicheko alinyamaza. Nikimuuliza atakula nini, alijibu tu, "Chochote."

Mama yangu alitoka kwake Makurunge kuja kumjulia hali. Alipokuwa anaondoka alinivuta pembeni, akaniambia mimi bado kijana, sina mtoto, nidai talaka yangu mapema. Alidhani anasema kwa sauti ya chini. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta wa udongo, na alisikia kila neno. Hakuniuliza habari hiyo hata siku moja. Mama naye hakurudi tena, akisema miguu inamuuma.

Ikapita miaka. Tukaingia miaka ya hamsini, na tajiri mmoja wa mtaa wa maduka, ambaye wazee wake walitoka Omani, akanunua pikapu kwa Mzungu wa shamba aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa gari la Kimarekani, usukani kushoto, na gia zake zilijibadilisha zenyewe. Madereva wawili watatu walilijaribu wakaliacha. Mmoja alisema hawezi kuendesha kitu kinachoamua chenyewe. Likabaki mbele ya duka, kuku wanalala chini yake.

Asubuhi moja tajiri akaja barazani kwetu. Baada ya salamu alisema, "Lile gari langu halina klachi. Lina pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki. Nimekaa nikakukumbuka wewe."

Mume wangu aliiweka kamba chini. "Mbili tu?"

"Mbili tu."

"Na zote za mguu mmoja?"

"Zote za mguu mmoja."

Waliondoka pamoja. Kabla ya adhuhuri nilisikia honi nje. Nilipotoka nilimkuta amekaa nyuma ya usukani, mikono yote miwili juu yake, jasho linamtiririka.

"Hushuki?" nikamuuliza.

"Bado," akasema. "Niache kidogo."

Alikaa mle mpaka chakula kikapoa.

Tangu siku hiyo nikarudishiwa mume wangu. Alibeba kopra, chumvi na samaki wakavu kutoka Mbegani, akirudi jioni ana habari za kila njia aliyopita. Mzungu alikuwa amemwachia tajiri makopo ya mafuta mekundu, akasema giaboksi ya namna ile haili mafuta mengine. Kila Ijumaa baada ya sala mume wangu alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakitia tena, akatazama. Aliyanusa kama mpishi anavyonusa mchuzi.

Lakini gari lile lilikuwa limetumika sana kabla yetu. Likaanza kuteleza: anakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta mafuta mekundu, akaambiwa yaagizwe ng'ambo na asubiri. Tajiri akachoka kungoja. "Tia oili ya injini," alisema. Mume wangu akakataa. Yalibaki makopo machache, akaamua amwage mafuta yote ya zamani, asafishe chujio, atie yale.

Alifanyia kazi hiyo uani kwetu. Dukani wangejaa watu kumtazama kiwete akitambaa chini ya gari, na hilo hakulitaka. Alilizungusha kwanza mpaka likapata moto, ili mafuta yatoke vizuri, kisha tukaliinua kwa jeki na kuliwekea magogo. Akalala chali juu ya jamvi. Mimi nikachuchumaa na karai langu la kufulia, nikampa spana aliyoitaja.

Mafuta hayakutoka mekundu. Yalitoka meusi, yakinuka kama uji ulioungulia sufuriani. Alifungua nati moja baada ya nyingine, akaliteremsha bakuli la chuma lililofunika giaboksi kwa chini, akaliweka kifuani. Ndani yake mlikuwa na tope laini jeusi. Alichota kidogo akalisugua kwa vidole, na mimi nikaona vinang'aa.

"Nini hicho?"

"Chuma."

"Kimetoka wapi?"

"Ndani humo humo. Limejila lenyewe."

Akafumba macho. Nilidhani mafuta yamemwingia machoni, nikamnyoshea ncha ya khanga. Hakuipokea.

Tulimaliza kazi hata hivyo. Chujio lilikuwa la wavu mwembamba wa waya, umeziba wote. Nililiosha kwa petroli na mswaki mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Gasketi, ile karatasi inayoziba ukingo wa bakuli, ilikuwa imechanika, nikalaza kipande cha boksi gumu juu ya bakuli, nikachora ukingo wake, nikakata kwa mkasi wangu wa kofia na kutoboa matundu kwa msumari. Aliigeuzageuza mkononi.

"Imekaa sawasawa," akasema. Kisha, bado yuko chini ya gari, akaongeza, "Mke wangu, tunamwosha maiti."

Mafuta mapya yalitiwa injini ikinguruma, yeye kitini amekanyaga breki, mimi nikimimina polepole kwa faneli. Makopo yaliisha kijiti kinaonyesha chini kidogo ya alama.

Jioni alikwenda kwa tajiri akamweleza alichokiona. Tajiri akamwambia alipeleke njia ya mbali bila mzigo, kulipima, na kama anataka amchukue mkewe. Alirudi akaniambia nijiandae.

"Twende wapi?"

"Kwa mama yako, kesho asubuhi. Anione kabla halijakufa."

Makurunge tulifika salama. Gari lilikwenda kwa upole, kama linajua. Mama alitoka ndani, mkono juu ya macho kuzuia jua, akaniona mimi kwanza.

"Nani amekuleta, mwanangu?"

"Mume wangu. Ndiye dereva."

Akaja mpaka mlangoni pa gari. Mume wangu akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Aliutazama mguu uliokatika, akazitazama pedali. Halafu akasema, "Na mimi nilisema maneno."

"Panda, mama, nikuzungushe," mume wangu akamjibu.

Tukamkalisha katikati yetu, akatembezwa kijiji kizima, ameshika paja langu kwa hofu, na kila aliyetusimamisha, mama alimwambia, "Huyu mkwe wangu." Tulipomrudisha kwake alitupatia mihogo na nazi. Sijawahi kumwona mume wangu akiendesha kwa mkono mmoja tu usukanini, ila siku ile.

Gari lilikufa tukirudi. Injini ikanguruma, gari likapunguza mwendo mpaka likasimama. Aliliacha lipoe, akajaribu tena, haikuwa. Alijaribu hata gia ya kurudi nyuma, haikuwa. Hakulalamika. Alizima injini, tukakaa tukisikiliza chuma kikipoa na kulia ta, ta, chini ya miguu yetu.

Lori la kopra lilitukuta likatufunga kamba. Ilibidi mtu ashike usukani nyuma, basi akaushika yeye, akavutwa mpaka mjini kwa vumbi la lori lile, machozi yakichora njia mashavuni. Tulipofika alijifuta akasema ni vumbi, nami nikaitikia kwamba vumbi lilikuwa jingi.

Tajiri hakumlaumu. Fundi aliyetoka Dar es Salaam alilifungua, akasema giaboksi nyingine mpaka Amerika. Likauzwa kama chuma chakavu. Tajiri alinunua pikapu la Kiingereza, lenye pedali tatu, akaja mwenyewe kutuambia, na alipokuwa anasema alitazama chini.

"Wewe umefanya kazi yako," akamwambia mume wangu.

"Alhamdulillahi," mume wangu akajibu, akamkaribisha kahawa.

Dereva mpya alikuwa na adabu. Alipopita mbele ya nyumba yetu alipiga honi kumsalimu mwenzake, akibadilisha gia pale pale kwenye kona. Baada ya wiki chache mume wangu aliniomba nimhamishie jamvi na usumba wake uani, nyuma ya nyumba, ambako barabara haionekani. Nilimwambia kule kuna jua. Akasema atazoea. Nikamjengea kibanda cha makuti, na tangu hapo kahawa yake nilimpelekea kule.