Masikio ya Bobini

Jeannine alikuwa fundi cherehani kutoka Uvira, Kongo, na chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga yeye na mumewe Rosettenville, mjini Johannesburg, ndicho alichoshonea nguo za akina mama wa kanisa. Mwaka 2016 paka wa rangi ya majivu aliingia dirishani, akalala juu ya vitenge, na hakuondoka tena. Akamwita Bobini, kwa sababu alipenda kuzungusha bobini za uzi sakafuni.

Mumewe huyo, Octave, alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja katikati ya jiji, mtu wa maneno machache. Kwao, paka aliyejileta mwenyewe hutazamwa kwa shaka.

"Mama Glody, huyo ni wako," alisema. Glody ni binti yao. "Mimi simgusi."

Mwaka uliofuata Bobini alianza kujikuna masikio hadi kutoka damu. Ndani mlijaa uchafu mweusi kama machicha ya kahawa, wenye harufu ya chachu. Jeannine alimpeleka kliniki ya wanyama, daktari akampa dawa ya matone. Masikio yakapona, kisha yakaanza tena. Dawa nyingine, yakapona, yakaanza tena.

Safari ya tatu daktari aliuliza, "Anakula nini?"

"Tunachokula sisi. Kuku, samaki, na ndagala, wale dagaa wa kwetu."

"Huenda kuna chakula ambacho mwili wake unakikataa, na masikio ndiyo yanayoumia. Mpe nyama ambayo hajawahi kuonja, hiyo peke yake, pamoja na unga huu wa vitamini, kwa miezi miwili. Akionja kitu kingine hata kidogo, hatutajua lolote."

Kwa bucha wa Kireno wa mtaani Jeannine alipata sungura. Alimchemsha bila chumvi wala mafuta. Octave alichungulia sufuria. "Paka sungura, sisi ndagala," akasema, akaenda kulala.

Wiki za kwanza, matone yakiwa bado yanatiwa, masikio yalikauka na manyoya yaliyonyonyoka yakaanza kuota tena. Halafu ile harufu ikarudi. Jeannine aliketi mbele ya cherehani akalia, akidhani amekosea kutia dawa.

Asubuhi moja alitoka kumpeleka Glody shuleni, na aliporudi akapitia jikoni. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Octave, bado amevaa sare, alikaa kwenye ngazi na skaftini yake ya chakula cha kazini magotini. Alikuwa anachambua mabaki ya kuku, akitoa mifupa kwanza, na Bobini alikula katikati ya viatu vyake.

"Polepole," alimwambia paka. "Sungura kila siku, nani ataweza? Mama yako ni mtu mzuri, ila siku hizi amekuwa mkali."

Jeannine alitaka kukasirika, ikamshinda.

"Papa Glody, umeanza lini?"

Octave hakugeuka. "Tangu alipokuja. Ananisubiri getini kila asubuhi. Usiku kucha siongei na mtu, nikifika yeye ndiye wa kwanza kuniongelesha."

Jeannine akaketi kando yake, akamweleza upya maneno ya daktari. Octave alilifunua sikio la Bobini kwa vidole viwili, akalitazama kwa muda mrefu.

"Nilifikiri kidogo hakina neno," alisema.

Wakaanza upya. Octave aliomba skaftini yake itiwe maharage na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Jeannine alikuwa akikwaruzwa kila wakati wa matone, kwa hiyo Octave ndiye aliyemfunga Bobini kwa taulo na kumshika, akimwimbia wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Miezi miwili ilipokwisha masikio yalikuwa safi. Daktari akasema wamrudishie kuku kidogo ili wawe na hakika, na hazikupita siku nyingi Bobini akaanza kujikuna. Alipopona wakampa samaki, naye hakumdhuru. Basi wakajua ni kuku.

Shida haikwisha kabisa. Joto la Januari likizidi, sikio la kushoto huchafuka kidogo na matone hurudi. Lakini Krismasi ya 2018, walipokaribisha watu wa kanisani, mgeni mmoja alidondosha mfupa wa kuku chini ya meza. Octave aliinama, akauokota kabla Bobini hajafika, kisha akaanza kuwaeleza wageni habari za masikio ya paka, tangu mwanzo, bila kuruka kitu. Chakula kilipoa. Jeannine hakumkatiza.