Taa za breki, kutoka Tarime hadi Mugumu

Gati, binti wa baba mdogo, alikuwa anafungua chumba cha ushonaji Mugumu, na cherehani zake mbili zilikuwa bado nyumbani Tarime. Hiyo ndiyo sababu ya safari. Mimi nilipewa usukani wa gari la baba mdogo kwa sababu nimemaliza chuo, sina kazi, na macho yake mwenyewe hayamruhusu tena kuendesha. Nadhani pia watu wa nyumbani walitaka kupumzika na maswali yangu kwa siku moja. Viti vya nyuma vilijaa cherehani, vitambaa na mkungu wa ndizi, kwa hiyo Chacha, mwanawe baba mdogo, angetufuata kwa pikipiki yake ili atusaidie kushusha.

Bomani, kabla hatujatoka Tarime, tulisimama asubuhi kujaza upepo. Chacha, aliyekuwa nyuma, alikuja dirishani.

“Dada, ukikanyaga breki, nyuma hakuwaki kitu.”

Fundi Athumani, ambaye kibanda chake kiko jirani, aliinama akatazama. “Balbu hizo, binti. Zimeungua.”

“Zote kwa pamoja? Na taa ndogo za humo humo zinawaka?”

“Mimi natengeneza magari. Wewe umesomea nini?”

“Sosholojia.”

“Haya.” Akaweka balbu mpya. Nilikanyaga. Chacha akatikisa kichwa. Fundi alisema basi ni waya, na waya unataka siku nzima. Baba mdogo, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa garini akitazama mbele, alisema jua linapanda. Nilimwomba fundi aniazime testa yake, kile kipimio chenye kitaa kinachowaka kikigusa umeme, nikamwambia Chacha akae mbali nasi, tukaondoka.

Baada ya Nyamwaga vumbi lilikuwa zito. Malori ya mawe yalikuwa yakipita mfululizo, na kila moja liliacha wingu lililochukua muda kutua. Katika vumbi la namna hiyo, mtu wa pikipiki hawezi kukaa mbali, maana akikaa mbali haoni chochote. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Tulipokaribia Kerende ng'ombe walikatiza barabara. Nilikanyaga breki. Nilisikia mlio mfupi wa tairi, kisha kishindo kwenye bampa. Nilipofika nyuma, Chacha alikuwa amekaa chini, suruali imechanika gotini, damu inatoka kidogo. Lori lililokuwa nyuma yake lilikuwa limesimama hatua chache kutoka kichwani mwake.

“Kama unataka pikipiki yangu, si uniombe tu,” alisema.

Baba mdogo alishuka, akamtazama mwanawe, akalitazama lori.

Tulisogeza gari pembeni, karibu na mashine za kusaga mawe. Nilianza upya kuutafuta ubovu wa taa, safari hii kwa kufuata umeme unakotoka. Fyuzi ilikuwa nzima; testa iliwaka pande zote mbili. Kutoka kwenye fyuzi umeme unakwenda kwenye swichi ndogo iliyoko juu ya pedeli ya breki. Nililala chali sakafuni, miguu nje. Waya ulikuwa umechomolewa kwenye swichi. Ncha yake ilikuwa imeviringishwa tepu nyeusi kwa uangalifu, kisha ikafungwa juu ili isining'inie. Haikuwa kazi ya panya wala ya mtikisiko wa barabara.

“Baba mdogo, nani alichomoa huu?”

“Mimi.”

Alieleza kwa maneno machache. Miaka ya mwanzo ya mawe ya dhahabu alikuwa akibeba viroba vyake kutoka hapa Kerende. Watu walimfuata jioni kwa pikipiki, taa zimezimwa. Alipopunguza mwendo ili akate kona ya kwenda alikokuwa akificha mzigo, taa nyekundu ziliwaonyesha mahali penyewe. Walimkuta akishusha. Kovu la mkononi, ambalo sote nyumbani tuliambiwa ni la shoka, lilikuwa la panga lao. Siku aliyopata nafuu alichomoa waya.

“Mbona hukusema Bomani?”

“Fundi alisema balbu.”

“Na ulijua si balbu.”

“Nilijua tunapita Kerende.” Akatazama vijana waliokuwa wakitutazama. “Usiurudishe hapa. Ngoja tuvuke mto.”

Sikuona sababu, lakini niliona uso wake. Chacha alitangulia mbele hadi daraja la Mara. Tulipovuka nilirudisha waya, na taa zikawaka zote.

Mugumu tulifika mchana. Gati alilitazama goti la kaka yake kabla ya cherehani.

“Umeanguka wapi?”

“Nyuma ya baba.”

Alitupikia ugali na kuku, akamtania baba yake kwamba ameleta ndizi kana kwamba Mugumu hakuna chakula. Baba mdogo alicheka kidogo. Hakula sana.

Jioni, tukirudi, mashine za Kerende zilianza kusikika. Baba mdogo alikaa wima.

“Bhoke, chomoa.”

“Nani anatufuata leo, baba?”

Aligeuka, akaitazama barabara kupitia kioo cha nyuma kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Ilikuwa taa moja tu, ya pikipiki ya Chacha.

“Simama,” alisema.

Nilisimama pale pale, mashine zikinguruma. Alishuka, akaenda kusimama nyuma ya gari kando ya Chacha.

“Kanyaga.”

Nilikanyaga.

“Achia. Kanyaga tena.”

Nilimwona kwenye kioo, uso wake ukiwa mwekundu kwa mwanga, mkono wenye kovu begani mwa mwanawe. Kisha akarudi, akafunga mkanda. Tukaendelea.

Testa nilimrudishia fundi Athumani kesho yake. Aliniuliza kilichokuwa kimeharibika. Nilimwambia hakuna kilichoharibika. Siku hizi nikikuta kitu hakifanyi kazi, kabla ya kukifungua nauliza kwanza kama kuna mtu aliyekizima, na alikuwa anamwogopa nani.