Helmeti ya Dhahabu ya Ilpo

Tangu utotoni, katika hoki ya barafuni, Ilpo Vattulainen alikuwa mtu wa pasi, na tangu utotoni watu wa mji wake, Kuusjärvi, walimpigia kelele kwa sababu hiyo. "Piga mwenyewe!" walimfokea kutoka jukwaani, mama muuza kahawa akiwa kinara wao. Hakupiga. Macho yake yalivutwa na mwenzake aliyeachwa peke yake. Alimsukumia huyo kisahani cha raba, ndicho mpira wa mchezo huo, kisha akateleza zake kama mtu aliyerudisha sufuria ya jirani.

Mchezeshaji wa namna hiyo akionekana, kazi yake imeharibika. Miaka mingi Ilpo alijibanza nyuma ya goli la wapinzani, na mabeki wakamkumbuka bao likiwa limeshaingia. Lakini ligi yao ina desturi yake: mwenye pointi nyingi katika timu, za mabao na za pasi za mabao, huvaa helmeti ya dhahabu, ili watazamaji wamtambue. Mabeki nao wana macho.

Msimu ule aliyeongoza kwa pointi alikuwa Ilpo. Hadi kufika Januari alikuwa amegongwa kichwani mara mbili. Daktari wa timu, Haapasaari, mwanamke mchache wa maneno hata kwa Mfini, alimwambia mbele ya mkewe, Maarit: "Pigo jingine moja, basi. Hutacheza tena."

Ilpo akamfuata saunani, chumba cha kuogea mvuke, Rasmus Kettula, mfungaji wao.

"Kaka, nizidi pointi. Uichukue hii helmeti."

"Nitakuzidije? Nikifunga, pasi yako. Nikipata moja, nawe moja."

"Basi funga kwa pasi ya mwingine."

"Mwingine yupi, bwana? Wewe si unawajua hawa?"

Ilpo aliwajua. Akamwagia maji mawe ya moto, mvuke ukapanda.

Nyumbani Maarit alikuwa na shauri lake. "Acha kutoa pasi."

"Sasa nitafanya nini uwanjani?"

"Teleza tu. Nusu ya timu yenu si ndiyo kazi yao?"

Alijaribu. Aliteleza vizuri sana, na timu ikafungwa mechi baada ya mechi mpaka ikaburuta mkia. Ikabaki mechi moja, nyumbani: wasiposhinda, wanashuka daraja.

Dakika za mwisho walikuwa sare. Ilpo alikuwa na kisahani nyuma ya goli. Alimwona beki akimjia kwa kasi, na akamwona Rasmus kushoto, ila kipa bado amemzibia. Angekiachia kisahani na kukwepa, angepona. Akakishikilia mpaka kipa akasogea. Ndipo akatoa pasi.

Alipofumbua macho alikuwa amelazwa kwenye chumba cha matibabu, daktari akimmulika tochi.

"Leo siku gani?"

"Jumamosi."

"Uko wapi?"

"Chini."

Daktari hakucheka. "Nani amefunga?"

"Rasmus."

"Ulimwona akifunga?"

"Sikumwona. Nilimpa."

Maarit alikuwa amesimama mlangoni, amefunga vifungo vya koti kombo.

"Yule beki ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ungeweza kumkwepa?"

"Ningeweza."

Maarit alikasirika, kisha akakaa kitandani akamshika mkono. Nje uwanja mzima ulikuwa ukiimba jina la Rasmus. Ilpo aliusikiliza wimbo huo kwa furaha ya kweli, mpaka ulipoanza kufifia. Hapo ndipo yale maneno ya daktari ya Januari yalipomwingia, akageukia ukutani akalia.